Msimamizi wa michoro si fundi wa viraka

Agosti 2015 episodi ya tano ya Dragon Ball Super, katuni ya Kijapani ambayo shujaa wake ni Goku, ilirushwa Japani, na haikuchukua muda picha zake zikawa zimezagaa mitandaoni kila pembe. Goku hakufanana na Goku. Macho yamekaa upande, taya limepinda, mwili umelegea kama wa mtu aliyetoka kuugua. Watu walicheka, wakatukana, wakaziweka picha zile kando ya za miaka ya tisini ili kuonyesha jinsi mambo yalivyoharibika. Toei Animation, studio iliyoitengeneza, baadaye walizichora upya shoti kadhaa kwa ajili ya diski za kuuza. Katika kelele zote hizo, swali moja halikuulizwa sana: michoro ile ilipita mezani kwa nani?

Kila episodi ya anime, yaani katuni za Kijapani, ina mtu ambaye kazi yake ni kuzuia kitu kama kile. Japani anaitwa sakuga kantoku, na kazini wanafupisha, sakkan. Ni msimamizi wa michoro. Jina lake hupita mwishoni, wakati wengi wetu tumeshabonyeza episodi inayofuata. Mtunzi wa manga anajulikana, waigizaji wa sauti wana mashabiki wao, mwongozaji akifanya vizuri anahojiwa. Huyu tunamkumbuka siku sura zikiharibika, na hata siku hiyo tunailaumu studio.

Mtu huyu anatumiwa vibaya. Kazi yake iliundwa ili mikono mingi itoe sura moja bila mikono hiyo kuuawa. Leo imegeuzwa kuwa mahali ambapo madeni yote ya ratiba yanalipwa. Na sisi tunaogandisha picha na kuicheka tumechangia, ingawa si kwa kiasi cha wale wanaopanga tarehe.

Kazi hii haikuwapo tangu mwanzo. Toei ilipotoa Hakujaden mwaka 1958, filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya rangi nchini Japani, mzigo mkubwa wa michoro msingi, yaani ile inayoweka hatua kuu za mwendo, ulibebwa na watu wawili, Yasuji Mori na Akira Daikubara. Watu wawili wanaweza kuelewana kwa kutazamana tu. Wachoraji walipoongezeka, kila mmoja na mkono wake, ikawa lazima apatikane wa kuwasawazisha. Mwaka 1963, kwenye Wanpaku Oji no Orochi Taiji, Mori alipewa jukumu la kupitia michoro msingi ya wenzake wote. Huo ndio mzizi wa cheo. Miaka mitano baadaye Yasuo Otsuka akasimamia michoro ya Horus, filamu ambayo yeye mwenyewe alishikilia kwamba iongozwe na kijana aitwaye Isao Takahata. Ilianza kutengenezwa 1965, ikatoka Julai 1968. Wakubwa wa kampuni walikasirishwa na ucheleweshaji huo, na kibiashara filamu haikufua dafu, lakini leo huwezi kueleza historia ya anime ukairuka.

Televisheni ilibadili kila kitu. Tangu Tetsuwan Atom ianze Januari 1963, anime ikawa bidhaa ya kila wiki, na wiki haimngoji mchoraji. Hata hivyo kulikuwa na wakati ambapo mtu mmoja aliweza kushika mfululizo mzima. Heidi ya mwaka 1974 ina episodi 52, na Yoichi Kotabe, aliyewabuni wahusika, ndiye aliyesimamia michoro yote, huku Hayao Miyazaki akipanga mpangilio wa picha kwa kila episodi. Itazame leo uone mashavu ya yule binti yanavyobaki mashavu yaleyale kuanzia theluji ya kwanza hadi Frankfurt na kurudi. Hakuna kompyuta iliyofanya hivyo. Ni jicho la mtu mmoja, wiki baada ya wiki, kwa mwaka mzima. Nisingemtakia mtu yeyote maisha hayo, lakini matokeo yanaonekana.

Mfumo uliokuja kuzoeleka ni wa zamu. Episodi hii anasimamia fulani, ijayo mwingine, kisha mzunguko unarudi. Aliyetazama Saint Seiya ya 1986 anajua ilivyokuwa: Shingo Araki na Michi Himeno wakishika episodi, nywele zinapepea na macho yanang'aa, wiki ikifuata mkono mwingine, wahusika walewale wanakuwa wazito, pua fupi, mabega mapana. Dragon Ball Z nayo hivyohivyo. Mashabiki wa zamani waliweza kumtaja msimamizi kabla hawajaona jina lake. Wengine wanaihesabu hiyo kuwa dosari. Mimi naiona ni raha iliyopotea, kwa sababu ilimfanya mtazamaji ajue kwamba nyuma ya sura kuna mtu.

Tuingie mezani kwake. Episodi ya dakika ishirini na kitu ina shoti kama 300, pengine pungufu, pengine zaidi. Kwa miongo mingi kila shoti ilisafiri ndani ya bahasha yake yenye namba ya episodi na ya shoti, ndani mna mchoro wa mpangilio na karatasi ndefu ya muda inayosema mchoro upi ukae kwa fremu ngapi. Siku hizi nyingi ni mafaili kwenye tableti, ila utaratibu ni uleule. Mchoraji analeta mpangilio pamoja na mchoro wa harakaharaka wa mwendo. Mwongozaji wa episodi anaupitia kwanza: mhusika yuko mahali pake? Anageuka wakati sahihi? Ndipo unafika kwa msimamizi. Anawasha taa ya meza, anatandika karatasi ya rangi juu ya ule mchoro, mara nyingi ya njano, na juu yake anachora kile tu kinachotaka kubadilika. Kope imepanda mno, anaishusha. Kidevu kimechongoka, anakipunguza. Vidole vinne vimeshika kikombe kama vijiti, anavikunja upya. Sehemu nyingine anaiacha wazi. Karatasi ile ya njano ukiitazama peke yake unaona jicho moja na nusu ya shavu vikielea hewani, na pembeni maneno mawili matatu ya maelekezo.

Ustadi wote uko katika kile alichokiacha wazi. Kusahihisha kila kitu ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, kama mtu ana mkono na ana saa za kutosha. Kugumu ni kuutazama mchoro ambao hauko sawa na kielelezo cha wahusika, yaani michoro ya mfano ya sura zao, ukauona kwamba ndani yake kuna mwendo hai, kisha ukainua kalamu. Mitsuo Iso alipokuwa akichora shoti zake miaka ya themanini na tisini, uzito wa miili na jinsi moshi unavyopasuka vilikuwa vyake peke yake, na msimamizi mwenye akili aliona hakuna cha kugusa. Kwenye Mob Psycho 100 ya mwaka 2016, Yoshimichi Kameda aliwabuni wahusika kwa mistari michache iliyolegea, na wachoraji wakaachwa waonekane. Mapambano ya pale yanatetemeka, yanachuruzika rangi, na sura ya Mob inabaki sura ya Mob hata ikiwa imebaki madoa mawili na mstari.

Kwa namna nyingine, msimamizi ni mhariri. Na mhariri anayeandika upya kila makala gazeti lake lote linakuwa na sauti moja, yake.

Sasa tupige hesabu. Shoti 300, kila moja inapita kwake walau mara mbili, kwenye mpangilio na kwenye mchoro msingi. Ni mapito 600. Tuseme amepewa wiki tatu na hapumziki hata siku moja: ni karibu mapito 29 kwa siku. Akikaa mezani saa 14 anapata kama nusu saa kwa kila moja, ukijumlisha kula, chooni na simu za ofisa wa uzalishaji anayeuliza ziko wapi zile shoti za jana. Ndani ya nusu saa hiyo kuna shoti za kupitisha kwa kutazama tu, na kuna zilizokuja zimeharibika kabisa, ambazo hakuna cha kusahihisha ila kuchora upya kutoka mwanzo.

Hapo pesa inaingia. Mchoraji wa kujitegemea analipwa kwa shoti, kwa miaka mingi kiasi cha yeni elfu nne au tano hivi. Aliyechora ovyo na aliyechora kwa jasho wanapokea bei ileile, na anayechora harakaharaka anapata zaidi kwa mwezi kwa sababu amemaliza nyingi. Gharama ya ule uovyo haiandikwi popote. Inaangukia kwa msimamizi, analipa kwa usingizi wake. Simlaumu mchoraji, ukipewa bei hiyo na kodi ya nyumba ya Tokyo, nawe utakimbia. Lakini mfumo unaomlipa mtu kwa wingi kisha ukamtegemea mwingine abebe ubora bila kuhesabiwa, huo ni mfumo unaokula watu wake wazuri kuliko wote, maana ndio wanaopewa usimamizi.

Mbaya zaidi, tangu miaka ya elfu mbili kazi ya mchoro msingi imekatwa vipande viwili. Mtu wa kwanza anachora mpangilio na mwendo wa harakaharaka, msimamizi anasahihisha, kisha mtu wa pili, mara nyingi asiyemjua wa kwanza wala msimamizi, anakuja kusafisha mistari. Nia ilikuwa kuokoa muda. Kilichopotea ni somo. Zamani karatasi ya njano ilimrudia aliyekosea. Aliiweka juu ya mchoro wake, akawasha taa, akaona kwa macho yake kwamba bega lilipaswa kutangulia mkono. Vijana wengi walifundishwa hivyo, bila darasa. Leo masahihisho yanaenda kwa msafishaji, na aliyekosea anaendelea kukosea kwenye mfululizo mwingine, studio nyingine, hadi jina lake limpandishe awe msimamizi naye. Hili ndilo linalonisumbua kuliko mishahara.

Basi ukifika mwisho wa episodi, usikimbilie kubonyeza. Hesabu majina ya wasimamizi wa michoro. Palipokuwa na mmoja, siku hizi unakuta sita, kumi, wakati mwingine zaidi, pamoja na wasimamizi wakuu juu yao na wasaidizi chini yao. Nimesoma mashabiki wakifurahia urefu wa orodha hiyo kana kwamba ni dalili ya kazi kubwa. Kuna nyakati ni kweli: wapo wanaosimamia mashine peke yake, au moto na maji, au mapigano, na huo ni utaalamu halali. Lakini orodha ya majina kumi yasiyo na utaalamu wowote kando yake inasema jambo moja tu, kwamba episodi ilikuwa inazama na kila aliyeweza kushika ndoo aliitwa. Wonder Egg Priority ya mwaka 2021 ilianza kwa michoro iliyowaacha watu midomo wazi. Kufika katikati ikabidi episodi ya nane iwe ya marudio, na mwisho wa hadithi ukaja kutolewa Juni kama kipindi maalumu. Mwaka 2023, msimu wa pili wa Jujutsu Kaisen ukiwa hewani, wachoraji wenyewe waliandika hadharani kulalamikia ratiba. Mashabiki waliona maajabu kwenye skrini, nao walioyatengeneza walikuwa wanaomba radhi kwa yale ambayo hayakukamilika.

Nimesema na sisi tumechangia. Mtazamaji wa Dar au Nairobi anayetazama kwa simu ana kitu ambacho mtazamaji wa 1974 hakuwa nacho: kitufe cha kusimamisha. Anasimamisha fremu moja kati ya ishirini na nne za sekunde, anakuta uso umevutwa kama mpira, anairusha kwenye kundi la WhatsApp, watu wanacheka. Fremu ile haikuchorwa itazamwe imesimama. Episodi ya 167 ya Naruto Shippuden, iliyoongozwa na Atsushi Wakabayashi, ndiyo mfano unaorudiwa mno: Naruto na Pain wanapigana huku miili ikinyooka, nyuso zikipotea umbo. Ikisimama ni kichekesho. Ikitembea, unahisi mlima unapasuka. Wapo waliosema studio iliishiwa fedha, hadi leo wapo wanaosema hivyo, ilhali ule ulikuwa uamuzi.

Mwaka 2007 mambo kama hayo yalifika mbali zaidi. Episodi ya nne ya Gurren Lagann alipewa Osamu Kobayashi, na ikaachwa ionekane kama kazi ya Kobayashi, mistari yake mirahisi na yote. Mashabiki wa Japani waliishambulia mitandaoni kwa hasira, watu wa Gainax, studio iliyoitengeneza, wakajibu kwa maneno makali, na Takami Akai, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, akajiuzulu kwa ajili ya yale aliyoyaandika. Kwa sababu ya sura za katuni zilizotofautiana wiki moja! Baada ya mikasa kama hiyo, msimamizi gani atathubutu kuacha mchoro wenye tabia yake upite? Atasahihisha hadi pale pasipohitaji, ili asionekane kwenye picha ya kuchekwa. Ndiyo maana anime nyingi za siku hizi zina nyuso safi mno juu ya miili isiyo na uzito. Muda wote umemalizikia kwenye macho na nywele.

Wapo waliokwenda njia nyingine. Kyoto Animation waliamua kuajiri wachoraji wao kwa mshahara, kuwafundisha wenyewe na kufanya kazi nyingi ndani ya nyumba. Episodi zao mara nyingi zina msimamizi mmoja wa michoro, na anayesimamia anawajua anaowasahihisha, anakula nao. Shoko Ikeda aliwabuni wahusika na kusimamia michoro ya Haruhi mwaka 2006 na ya Hibike! Euphonium miaka tisa baadaye. Tazama vidole juu ya vali za tarumbeta uone subira ya mtu ambaye hakuwa anakimbizwa. Aliuawa pamoja na wenzake 35 katika moto uliowashwa kwa makusudi kwenye studio hiyo tarehe 18 Julai 2019. Yoshiji Kigami, aliyewafundisha wengi wao, alikuwa miongoni mwao. Maarifa ya namna ile hayamo kwenye vielelezo vya wahusika, yamo kwenye mikono, na studio ile imelazimika kuyajenga tena polepole kupitia wale waliobaki.

Sehemu nyingine yote ya tasnia inatawanya kazi. Toei wana tawi Manila kwa miaka mingi. Studio za Korea Kusini na China huchora na kupaka rangi. Wachoraji wa kujitegemea wanapatikana kwa ujumbe wa mtandaoni kutoka Ulaya na Amerika, wengine hawajawahi kukanyaga Japani. Sioni ubaya ndani yake. Mlango huohuo unaweza kumfungulia kijana wa Mombasa. Ila kadiri mnyororo unavyorefuka ndivyo karatasi ya njano inavyofika mbali na aliyeiandika. Aprili 2024 tovuti ya 38 North, inayofuatilia habari za Korea Kaskazini, ilichapisha ripoti ya mafaili yaliyokutwa kwenye seva iliyoachwa wazi huko. Yalikuwa kazi za katuni: anime ya Kijapani, mfululizo wa Kimarekani, hata Iyanu, yenye mizizi ya Kinigeria. Hakukuwa na ushahidi kwamba kampuni zenye kazi hizo zilijua. Kwenye faili mojawapo palikuwa na maelekezo ya Kichina yaliyotafsiriwa kwa Kikorea, kwamba umbo la kichwa cha mhusika lirekebishwe. Ni sahihisho la kawaida kabisa. Lilikuwa limepita mipaka mingapi kufika pale, na aliyelipokea alijua ni la nani?

Sasa kuna juhudi. Chama cha NAFCA, kilichoanzishwa 2023, kimeanza kuendesha mtihani wa ustadi kwa wachoraji, kikianzia na wale wa chini wanaochora michoro ya kati, ile inayojaza nafasi baina ya michoro msingi. Wengine wanaudharau, eti sanaa haipimwi kwa cheti. Mimi naona wamegusa penyewe. Michoro ikifika mezani ikiwa na kiwango, msimamizi anarudishiwa ile nusu saa yake ya kuamua badala ya kuziba. Mei 2024 hata kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu kiliitaja tasnia ya anime kwenye ripoti yake juu ya Japani, kwa saa za kazi zilizozidi na malipo duni, kwa hiyo hakuna tena anayeweza kudai kwamba hayajui.

Lakini mtihani hauwezi kugusa kamati ya uzalishaji, yaani mchapishaji, kituo cha televisheni, kampuni ya muziki na wengine waliochanga fedha na ambao haki na faida huwarudia. Hao ndio wanaopanga tarehe ya kurushwa. Studio, mara nyingi, inapokea kiasi kilichokubaliwa na basi. Mfululizo ukitajirisha watu, msimamizi hapati hata yeni moja ya nyongeza, na ukiharibika jina linalotukanwa ni la studio. Dragon Ball Super ilitangazwa mwishoni mwa Aprili 2015 na kuanza kurushwa tarehe 5 Julai. Hata kama kazi ilikuwa imeanza kimyakimya kabla ya hapo, jina la Goku lingeuza kiasi kilekile Oktoba. Wenye tarehe hawajawahi kutakiwa kueleza kwa nini hawakungoja. Tukirudi kwenye swali la episodi ya tano, michoro ile ilipita kwanza mezani kwao, ikiwa bado haijachorwa.